Saa Iko kwa Mutu wa Juu

Bunia, Mudzipela
Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024

Kwako Yaya Pétronille, dada yangu mkubwa,

Umelalamika kwamba kwenye simu nakujibu maneno mawili tu, "niko sawa", na kwamba nasikika kama mtu anayesoma gazeti huku akiongea. Umesema niandike barua. Basi naandika. Moïse atakuletea, kwa kuwa anapanda Iga Barrière kila baada ya siku mbili tatu na mizigo yake ya sabuni na biskuti. Ameahidi kwamba hataifungua. Hata hivyo nimeipaka gundi mara mbili.

Niko sawa. (Naona nimeanza tena.) Yamebaki majuma matatu ili stage yangu, hii kazi ya majaribio, iishe. Mwisho wa mwezi Chef Vital, mkuu wa ofisi, ataamua kama nitaandikwa kazi kabisa, au nitabeba sanduku langu na kurudi Butembo. Asubuhi nakaa kwenye dirisha la kuandikisha watoto waliozaliwa, na Tina, katibu wa Chef, anakaa nyuma yangu. Kazi ya dirisha ni hii: jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, muhuri, anayefuata. Katika fomu kumi nakosea mbili, kwa sababu akili yangu inatoka nje kuzurura.

Lakini kuna chumba cha nyuma, chenye madaftari ya zamani. Mvua iliingia humo miaka mingi, kurasa zimeshikamana, nyingine zimeliwa na mchwa. Chef ameniambia ninakili zile zinazosomeka bado. Yaya, sijui nikueleze namna gani. Naanza na jina moja, natafuta herufi iliyoliwa, nalinganisha mwandiko wa karani aliyeandika kabla sijazaliwa. Kisha nainua kichwa: chai niliyoiacha inatoa moshi imepoa, nzi yumo ndani, na wenzangu wamekwenda kula na wamerudi. Sikusikia njaa. Sikusikia chochote. Nadhani ni furaha, sina jina lingine la kuipa.

Mama Denise mwenye nyumba amekasirika kidogo kwa sababu ya sufuria. Ni maharagwe tu. Yalishika moto kidogo.

Usiwe na wasiwasi. Nisalimie shemeki Assani.

Mudogo wako,
Kule

*

Iga Barrière
Jumatano, tarehe 11 Septemba 2024

Kule, mudogo yangu,

Barua imefika. Moïse hakuifungua, lakini kwa ile gundi yako mimi mwenyewe nimepasua nusu ya salamu.

"Yalishika moto kidogo." Weye! Tangu lini maharagwe inashikaka moto kidogo? Moïse alipita kwako kuchukua barua, na Mama Denise amemupasha habari yote. Moshi ulifika mpaka kwa jirani, na weye ulikuwa umekaa hapo hapo karibu na makala ya moto, unashona jalada ya kitabu. Alikuita mara tatu. Amemuambia Moïse: "Ile kijana iko na macho, iko na masikio, ila mwenyewe hayuko."

Nimecheka sana. Kisha nikaacha kucheka.

Unakumbuka Butembo, siku Mama alituachia mihogo inakauka nje? Mimi nilienda kisimani. Weye ulikaa pale uani, unafungua redio ya Baba. Mvua ikanyesha. Ikalowesha mihogo, ikakulowesha na weye mgongo wote, na hukuinua kichwa. Mama alikuchapa, akisema ni kiburi. Mimi nilikuona uso. Ulikuwa uso wa mutu aliyeamshwa usingizini na hajui amekosa nini.

Sasa nakuuliza kitu kimoja, na usinijibu kama kwenye simu. Mimi hapa napikia watu wa mashimo ya dhahabu, sikusoma kama weye, lakini swali yangu ni nyepesi: huko kazini, wakikuita, unasikia?

Yaya yako,
Pétronille

*

Bunia
Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024

Yaya,

Hapana. Sisikii.

Barua yako ilinifikia Alhamisi jioni, na kilichotokea kilikuwa kimekwisha kutokea Alhamisi asubuhi. Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kumwambia mtu.

Kuna mama mmoja wa Ngezi, Mama Faida, ambaye amekuja mara tatu kutafuta karatasi ya kuzaliwa ya binti yake. Kila mara tulimwambia jina halimo. Mimi nilijua kwamba kuna kurasa mbili zilizoshikamana, na nilitaka kuzitenganisha. Siku ile nilifika mapema. Nilizifungua kwa mvuke wa birika, polepole, na nikaona herufi tatu, F, A, I, na baada ya hapo doa jeusi. Chumba kina giza kwa sababu kabati limeziba dirisha. Nikabeba daftari nikatoka uwanjani kutafuta mwanga.

Uwanjani kulikuwa na watu. Nilidhani ni mstari wa dirishani. Nilipita kati yao nikisema "pardon, pardon", macho yangu yakiwa kwenye ukurasa. Jua lilikuwa zuri karibu na mlingoti, lakini mtu mmoja alisimama mbele yake. Nikamwambia: "Sogea kidogo, unanizuia mwanga." Hakusogea. Nikaona hana adabu, nikamzunguka. Nikainua ukurasa juani, na mwanga ukapenya lile doa, na jina likaonekana lote. Nikapaza sauti: "Faida! Ndiye huyu!"

Yaya, ilikuwa saa moja na nusu. Filimbi ya kupandisha bendera ilikuwa imepigwa. Bendera ilikuwa nusu ya mlingoti. Wale niliodhani ni mstari walikuwa ofisi nzima, wamesimama wima, mikono chini, na barabarani waendesha motari wote wamezima pikipiki zao. Na yule niliyemwambia asogee alikuwa Chef Vital.

Bendera ilipofika juu, polisi alinishika mkono. "Faida gani?" akaniuliza. "Faida gani unayoitafuta hapa? Nani amekutuma?" Unajua swali hilo la mwisho kwetu lina uzito gani siku hizi za vita. Kidole changu kilikuwa bado juu ya jina. Chef alisema tu, "Mwache," akaingia ofisini bila kunitazama.

Jana saa kumi, wakati wa kufunga, Tina aliweka bahasha mezani kwangu. Ni demande d'explication. Natakiwa kujieleza kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane, maana yake Jumatatu ofisi ikifunguliwa. Juu yake imeandikwa "dharau kwa alama ya Taifa". Tarehe yake ni ya Alhamisi. Kwa hiyo Tina alikaa nayo kwenye sanduku la meza siku nzima, akasubiri Ijumaa ili nisilale siku mbili. Niliposhuka ngazi alikuwa barazani anacheka na Orly wa ofisini. Sikudhani kwamba ananichukia.

Nimefikiri sana. Nitaandika kwamba nilikuwa na malaria, na kwamba kinini iliziba masikio yangu. Kila mtu anajua kinini inavyofanya masikio yalie. Nahitaji tu karatasi. Yule muuguzi anayekula kwako, anaweza kuniandikia moja yenye tarehe ya Jumatano? Nimeweka ndani ya bahasha hii maneno yote ya kunakili, hata idadi ya vidonge, ili asisumbuke.

Sijawahi kudanganya kwenye karatasi ya serikali. Lakini jiweke mahali pa Chef. Nani atamwandika kazi karani asiyesikia filimbi?

Utaniuliza kwa nini siinui kichwa tu. Nimejiuliza pia. Nikiwa mle ndani, nina uzi mkononi, na kitu kinaniambia kwamba nikiutazama mlango tu, uzi utakatika na sitaupata tena kamwe. Najua ni upuuzi. Nikiwa mle sijui.

Moïse anapanda leo saa sita. Tafadhali jibu kupitia yeye huyo huyo kesho.

Kule

*

Iga Barrière
Jumapili, tarehe 15 Septemba 2024, baada ya misa

Kule,

Karatasi ya muuguzi haiko. Sikuiomba. Usinune, soma.

Kinini! Na siku ingine usiposikia, utameza nini? Utakuwa mgonjwa mpaka pension?

Nimemusomea Assani barua yako jana alipotoka shimoni. Najua ulikataza, lakini ni bwana yangu na nilihitaji mutu wa kucheka naye. Kufika kwa "unanizuia mwanga" alianguka kwenye kiti, akapangusa macho. Akasema: "Shemeki iko na moyo! Mimi chef wangu hata kukohoa mbele yake naogopa." Kisha akauliza: "Na juu yake kulikuwa nani?" Nikamuambia juu wapi. Akasema: "Juu. Wakati yeye alikuwa chini, nani alishika kamba?"

Unajua mimi nawapikia miaka sita na ile kitu sikujua. Mutu akishuka shimoni anafunga kamba kiunoni, na mwenzake anabaki juu. Si kwa kumutoa akianguka tu. Kila wakati fulani yule wa juu anavuta kidogo. Wa chini anavuta naye, maana yake niko. Na yule wa juu akivuta mara tatu, wa chini anatoka. Hata kama ameona dhahabu iko mbele ya pua, anatoka. Nikamuuliza Assani: kwa nini wa chini hajiamulie mwenyewe, si mutu muzima? Akanitazama kama mutoto. "Mama, mu shimo hakuna saa. Saa iko kwa mutu wa juu. Ule wa chini anakuambiaka dakika tano, na ni asubuhi nzima. Hadanganyi. Huko chini ni dakika tano kweli."

Kule, hapo nilikuona na ile mvua mgongoni.

Hapa hakuna anayetukana shimo, ndilo linatulisha. Na Mama Faida umemupata mutoto wake humo humo. Lakini hakuna anayeshuka peke yake, na weye umeshuka peke yako tangu redio ya Baba. Sasa tafuta mutu wa juu. Na kwa Chef andika kweli, pamoja na ile ya mwanga. Akikufukuza kwa kweli, nitakuja mimi mwenyewe Bunia kubeba sanduku lako. Kwa uongo, sitakuja.

Nimekutumia makayabu, samaki ya chumvi. Kula kabla ya kuandika, si baada.

Pétronille

*

Bunia, tarehe 16 Septemba 2024

Kwa Bwana Chef de Bureau
Kuhusu: jibu la demande d'explication

Bwana Chef,

Nakiri kupokea barua yako ya tarehe 12 mwezi huu, niliyokabidhiwa tarehe 13 saa kumi alasiri.

Ni kweli kwamba wakati wa kupandisha bendera nilipita katikati ya uwanja, nilipaza sauti, na nilikuomba wewe mwenyewe usogee. Sikuwa mgonjwa. Sikutumwa na mtu yeyote. Sikusikia filimbi.

Naomba kueleza jinsi mtu mwenye masikio mazima anavyoweza kutosikia filimbi. Kuna kazi ambazo zikinishika, zinanishika mzima. Wakati huo sijui saa, njaa, wala sauti, hata ya jina langu. Wakati mwingine naitwa, na kinywa changu kinaitika "ndiyo" bila mimi kujua. Hali hii ninayo tangu utoto na siichagui. Haiji ninapoihitaji: kwenye dirisha nakosea fomu kwa sababu akili inatoroka, na katika chumba cha nyuma akili hiyo hiyo inakataa kutoka. Kwa hali hii kurasa mia mbili na kumi za daftari lililoharibika zimenakiliwa, na mtoto Faida wa Ngezi amepatikana. Kwa hali hii pia nimekukosea mbele ya ofisi nzima.

Bendera sikuidharau. Sikuiona. Naelewa kwamba kwa mtu aliyekuwa amesimama pale, mambo hayo mawili yanafanana, na naomba radhi.

Siahidi kwamba nitajitahidi. Nimejiahidi hivyo mara nyingi na haikusaidia, kwa kuwa anayeahidi yuko nje na anayesahau yuko ndani. Naomba badala yake nisifungue daftari la zamani kabla ya bendera wala kabla watu wa dirishani hawajaisha, na mfanyakazi mmoja, akikubali, awe ananitoa kwa saa zilizopangwa.

Kwa heshima,
Kule, karani wa stage

*

(Nyuma ya fomu iliyoharibika, tarehe hiyo hiyo)

Kule,

Nakuandikia, kwa kuwa kukuita kwa mudomo nimechoka. Cheka kidogo, uso wako wa leo unatisha watu dirishani.

Jibu lako nimeliingiza kwa Chef. Alilisoma mara mbili. Kwenye mustari wa "nilikuomba wewe mwenyewe usogee" alisimama akaenda barazani. Orly anaapa alikuwa anacheka. Mimi niliona mugongo tu. Ulikuwa unatikisika.

Kitu ya pili. Asubuhi umenisalimia kama mutu aliyekuuzia nyama mubovu. Ni juu ya ile bahasha? Chef alinipa Alhamisi saa sita, amekasirika mpaka kalamu ilitoboa karatasi. Ningekupa saa ile, saa arobaini na nane zako zingeisha Jumamosi, ungejibu ukiwa unatetemeka, na yeye angesoma akiwa na moto. Nikaifunga ndani ya meza mpaka Ijumaa saa ya mwisho, weye upate Jumapili, na yeye apate misa. Katibu mwenye akili njo vile anafanyaka. Ulidhani nini?

Na mimi pia nikuambie nilichodhani. Tangu mwezi wa saba nakuita "Kule, twende kula," na weye unasema "ndiyo" na huji. Nikasema, huyu wa Butembo anatudharau, chakula chetu hakimufai. Kumbe hukuwa hapo.

Nimesoma mustari wa mwisho. Mimi njo ule mufanyakazi mumoja, nakubali. Nieleze namna ya kukutoa, kwa maana kelele haifai.

Tina

*

Bunia, ofisini
Ijumaa, tarehe 4 Oktoba 2024, saa sita na robo

Kwako Yaya mpendwa,

Usilete gari kwa ajili ya sanduku. Nimeandikwa kazi.

Barua ilitoka Jumatatu, na muhuri, na sahihi. Niliisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nilimwomba Tina aisome kwa sauti, nikiogopa nimesoma nilichotaka. Kuna adhabu ndani yake pia. Kwa mwezi wa kumi wote, karani Kule ndiye atakayepandisha bendera. Nimekwisha kuipandisha mara nne. Mara ya kwanza nilivuta kamba haraka hata kitambaa kikajikunja, na yule polisi akanong'oneza bila kugeuza kichwa: "Polepole, Faida." Sasa hilo ndilo jina langu hapa. Ofisi nzima.

Chef aliniita Jumatatu hiyo hiyo. Nilisimama mlangoni na daftari langu la kuandikia maagizo. Akasema, "Kijana, katika barua yako hukuandika jambo moja. Mwanga. Ulitoka nje kwa sababu gani?" Nikasema kabati limeziba dirisha. Akaita watu wawili, na yeye mwenyewe akashika pembe ya kabati. Lilipokuwa limekaa kwenye ukuta mwingine, akanigeukia. "Haya. Nimesogea." Akaondoka. Sikujua kama inaruhusiwa kucheka, kwa hiyo nilicheka baada ya mlango kufungwa.

Kuhusu kamba. Nilimweleza Tina maneno ya Assani, akapenda sana, akataka kunifunga kweli kiunoni. Tulijaribu kengele ya baiskeli: sikuisikia. Alijaribu kunigusa bega: nilisema "ndiyo" nikaendelea. Sasa anaweka kiganja chake juu ya ukurasa, palepale ninaposoma, na hakiondoi mpaka nimtazame machoni na kusema saa ngapi. Nisipojua saa, bado niko chini. Siku ya kwanza nilikasirika, Yaya, kwa kweli nilimkasirikia, kama mtu aliyenyang'anywa chakula mdomoni. Jumatano iliyopita nilimdanganya, nikataja saa kwa kubahatisha, akafunga daftari kidole changu kikiwa ndani. Kinauma mpaka leo. Tumecheka.

Asubuhi dirisha, mpaka mtu wa mwisho. Bado nakosea fomu, lakini sasa ni moja katika kumi. Mchana ndio chumba cha nyuma. Mama Denise naye ana sheria yake: haniruhusu kuwasha makala kabla hajaniangalia mikono yote miwili. "Onyesha," anasema. "Kitabu iko wapi? Mugongoni?"

Mama Faida alikuja kuchukua karatasi. Aliikunja mara nne akaiweka ndani ya kitambaa cha kichwa, akaniambia kwamba alikuwa ameanza kufikiri labda hakumzaa. Nilimwandikia namba ya ukurasa kwenye karatasi ndogo, ili wakimsumbua tena mahali pengine asianze kutafuta upya.

Nina jambo moja ambalo nimelifikiri juma hili na nataka ulielewe vizuri, kwa kuwa wewe ndiye uliyeniona siku ile ya mvua. Miaka yote nilidhani kuna Kule wawili, mmoja mzuri anayefanya kazi na mmoja mbaya anayeunguza sufuria, na kwamba nikimpiga yule wa pili vya kutosha atahama. Lakini nikiwa juani na ule ukurasa, wote wawili walikuwa mkono mmoja, na kile ambacho naona sasa, Yaya, ni kwamba

Nimerudi. Tina aliweka kiganja juu ya barua hii. Nilitaja saa, ilikuwa sahihi. Tumekula wali na majani ya sombe kwa yule mama wa ng'ambo ya barabara, Orly amemwaga chumvi yote kwenye sahani yake, tumekaa sana.

Nimesoma ile sentensi ya mwisho mara tatu na sikumbuki ilikuwa inakwenda wapi. Imekatika kabisa, kama ule uzi. Nilingoja niogope, sikuogopa.

Moïse amefika, ananung'unika mlangoni. Sina la kuongeza. Sombe ilikuwa nzuri.

Mudogo wako,
Kule